Asilimia Mia

Alhamisi, saa mbili usiku, niliimaliza.
Ramani yote imewaka, hakuna kona iliyobaki na ukungu,
kila kisima kimefunguka, kila mzimu umeitwa kwa jina lake,
na juu pembeni, kwa kijani: asilimia mia.
Nikaiweka pedi chini kama mtu anayetua mtungi uliojaa
halafu akakumbuka kwamba nyumbani hakuna mwenye kiu.

Chikumba, nikasema, nipe nyingine kama hii.

Kibanda chake kipo nyuma ya ghala la chama cha msingi
ninakoandika mifuko ya salfa kwa majina ya wakulima.
Mchana kutwa nanuka jehanamu ya bei nafuu;
jioni, mia tano kwa nusu saa, na stuli yenye mguu mfupi.
Akanipa mpira. Nikamwangalia.
Akanipa magari yanayokimbizana katika mji usio na wavuka barabara.
Akanipa vita.
"Dada Somoe, hii nayo ina majini,"
na kweli yalikuwemo, yamejazana kama kumbikumbi,
ila yalijua kupiga kelele tu,
na ukiyakata yanamwaga sarafu.
Jini gani hilo linalotembea na chenji?

Ya tano ilikuwa na nchi pana, Masasi mpaka Tunduru na zaidi,
farasi, mito, milima ya theluji,
na mshale mwekundu juu ya kila kitu:
nenda hapa. Sasa nenda pale.
Nikairudisha kabla nusu saa yangu haijaisha.

"Basi niambie unatafuta nini."

Ngoja.
Unalikumbuka lile bonde la mianzi,
yule mwanamke asiye na uso, anayefua nguo usiku?
Anafua tu. Hakuwa na kazi kwenye hadithi,
hakuwa na zawadi wala ufunguo,
na ukimsogelea sana anaacha kufua.
Nilikesha naye mara tatu.
Natafuta nchi ambayo, hata nisipofika,
itaendelea kufua nguo zake.

Chikumba akabonyeza hewa kwa dole gumba,
mara mbili, kama afanyavyo akiwaza.
Luku ikaisha. Kioo kikanywea mpaka nukta moja,
nukta ikafa.

Jumamosi nilirudi kwa njia ya Shimo la Mungu,
pale ardhi ya Newala inapokatika ghafla
na mchana unaona mpaka Msumbiji.
Usiku huoni kitu. Unasikia ukubwa tu.
Ukungu wa Julai umepanda, ule unaolowesha kope,
na ngoma inapigwa mahali, vijana wanatoka jandoni.

Akatokea.
Mdimu. (Mgeni husikia mti wa ndimu; mwache.)
Kichwa cha mti, nywele za mtu zilizogandishwa kwa nta,
ndonya mdomoni, njuga kiunoni,
mwili mzima umefungwa nguo hata vidole.
Sisi wanawake tunalijua tusilolijua:
ndani ya mdimu hakuna mtu.
Akasimama hatua nne mbele yangu. Njuga zikanyamaza.
Hakuwa na mshale juu yake.
Na ndani ya kile kitambaa, polepole,
dole gumba la kulia likabonyeza hewa,
mara mbili.

Sikumtambua.
Nataka iandikwe hivyo: sikumtambua.
Niliinamisha macho, nikampisha,
akaingia ukunguni, upande wa bonde,
na nywele za mikono yangu zilisimama kwa ukweli,
si kwa adabu.

Jumatatu alikuwa anapiga miayo.
"Ulilala wapi?" nikamuuliza.
"Nyumbani."
"Haya."
Akanipa diski isiyo na jalada, imekwaruzwa,
akasema hajaijaribu, hajui ina nini.
Nikakaa. Stuli ikayumba.
Kioo cheusi. Inapakia. Inapakia.
Sina haraka.